Nikiondoa kelele, sauti ya bibi inakuwa kama imo mtungini

Binti wa Wete (Jumanne, saa 3:40 usiku)

Assalaam aleikum. Naomba mnisome mpaka mwisho. Najua nitaandika refu, lakini nimeshauliza kwengine nikapewa majibu ya mkato na hayakunifaa.

Miye napiga video za harusi hapa Wete, mwaka wa nne sasa. Harusini sauti haina tabu: muziki unafunika kila kitu na bwana harusi hana la kusema. Safari hii kazi ni yangu mwenyewe. Mwanzoni mwa Septemba nilikwenda Gando kumrekodi bibi yangu mzaa mama, aeleze kazi ya karafuu ilivyokuwa enzi zao: kuchuma, kuchambua makonyo usiku kwa taa ya chemni, kuanika juu ya majamvi, na zile mbio za kuyakunja mvua ikitishia. Ana miaka themanini na kitu, meno yamebaki ya kuhesabika, na anasema Kipemba ambacho mama anakijua nusu na miye robo. Sitapata mwengine wa kuniambia maneno yale.

Nimetoka na dakika 47. Kamera ni simu yangu, 1080 kwa fremu (picha) 30 kila sekunde. Maiki ni ile ya kubana nguoni isiyo na waya, ya bei ya chini, inayokuja vipande viwili ndani ya kijisanduku cha kuchajia. Niliibana kwenye kanga yake. Ina kitufe cha kupunguza kelele, ukikibonyeza kitaa kinageuka kijani. Nilikibonyeza, kwani nani angeacha? Kwa tahadhari nikaweka na simu yangu ya zamani, iliyopasuka kioo, juu ya kinu kilichopinduliwa, kama hatua moja kutoka alipokaa, ikirekodi sauti tu. Hiyo sijaishughulikia, maana nilipoisikiliza ina makelele kuliko ya maiki.

Kelele zenyewe: upepo (kusi lilikuwa halijatulia), minazi, kunguru, na pampu ya maji ya jirani iliyonguruma tangu bismillahi mpaka mwisho.

Nilichofanya. Nimeitoa sauti kwenye video nikaifungua kwa Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Nikatafuta pahala bibi amenyamaza akinywa maji, sekunde nne hivi, nikachukua sampuli ya kelele, kisha nikachagua yote nikaondoa. Kupunguza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 12 niliona hazitoshi, nikaweka 24. Pampu imeondoka. Na bibi naye kaondoka nayo! Anasikika kama anazungumza ndani ya mtungi, na kila akimaliza neno panabaki mlio kama vichupa vinagongana kwa mbali. Nikajaribu kile kifaa cha kelele cha DaVinci Resolve, programu ninayohariria video, toleo la bure, upande wake wa sauti uitwao Fairlight. Yale yale.

Mwisho nikajaribu programu moja ya simu inayosafisha sauti kwa akili mnemba. Ilinilia kifurushi cha wiki nzima kupandisha faili, na faili liliporudi sauti ilikuwa safi kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Lakini maneno si ya bibi. Hapo ndipo nilipoogopa. Bibi anasema, "Mume wangu alikufa msimu wa karafuu." Kwenye faili safi nasikia, "Mume wangu alikua msimu wa karauu." F zote zimeliwa. "Shamba" imekuwa "hamba". Asiyemjua bibi atapata habari nyengine kabisa, na babu yangu atakuwa kafufuliwa na kompyuta.

Basi swali langu: kwa nini kelele ikiondoka na yeye anaondoka? Na la pili, nikiirudisha sauti kwenye video, mwanzo mdomo na maneno vinakwenda pamoja, ikifika dakika ya 40 vimepishana mpaka inakera. Kwa nini?

Kompyuta yangu ni ya RAM 8, kwa hiyo programu nzito msinitajie.

Kijana wa Chake (Jumanne, saa 4:05 usiku)

Nunua maiki nzuri dada, hizo za bei ya mandazi ni za kuchezea. Ukirekodi taka utapata taka.

Binti wa Wete (Jumanne, saa 4:09 usiku)

Ahsante kaka, nimesema mwanzo kabisa hilo nimeshaambiwa. Hata nikinunua kesho, bibi wa siku ile hatorudi.

Fundi Mstaafu, Ng'ambo (Jumatano, saa 12:20 asubuhi)

Waaleikum salaam binti yangu. Nimekusoma baada ya sala, chai imepoa kwa ajili yako.

Miye nimeanza kazi hii wakati tepu inakatwa kwa wembe na kuungwa kwa gundi, kwa hiyo vitufe vya siku hizi nimejifunzia ukubwani. Lakini ugonjwa wako naujua. Kabla hujagusa kitu, fanya jambo moja. Vaa hedifoni za waya, rudi pale bibi anapokunywa maji, usikilize pampu peke yake, bibi msahau. Je, anaponyamaza mngurumo unapanda taratibu, na anapoanza kusema unashuka ghafla? Kama unahema hivyo, tumeshampata mwizi wa kwanza.

Simu na maiki hizi zina kidhibiti sauti kinachojiendesha chenyewe. Mtu akinyamaza, chombo kinadhani sauti imekuwa ndogo, kinafungua bomba. Akisema kwa nguvu, kinafunga. Sasa wewe umekwenda kuchukua sampuli pale bomba lilipofunguliwa mpaka mwisho, ukaiambia programu, "kelele ndiyo hii, ukubwa wake ndio huu." Programu ni mtumwa mtiifu. Ikaenda kuitafuta kelele ya ukubwa ule chini ya maneno ya bibi, na pale kelele ni ndogo maana bomba limefungwa. Ikaikosa, ikachukua ilichokikuta, nacho ni sauti ya bibi.

Mwizi wa pili ni kile kitaa cha kijani. Kelele ilishapunguzwa mara moja humo humo ndani ya maiki, na kijichombo kidogo chenye haraka. Kilichobaki si kelele moja tena, ni vipande vipande vinavyobadilika kila neno. Binti yangu, tui limeshakamuliwa. Ulichonacho mkononi ni chicha, nawe unakikamua tena kwa nguvu za desibeli 24.

Vile vichupa vyako navyo vina sababu. Programu inaikata sauti vipande vifupi sana, chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kila kipande inakigawa mafungu mengi, ya sauti nzito mpaka nyembamba. Kila fungu inalilinganisha na sampuli: likiwa dogo kuliko sampuli linashushwa, likiwa kubwa linaachwa. Kelele haitulii, mara fungu hili linachomoza, mara lile. Lililochomoza linaachwa peke yake katikati ya mengine yaliyoshushwa, na sikio linalisikia kama kengele ndogo. Ukishusha kwa desibeli 6 hutoyasikia, maana majirani zake hawako mbali. Ukishusha kwa 24 yanakuwa kama taa gizani.

Na F? Jitie kidole mbele ya mdomo useme "fffff". Ni upepo tu! F, s, sh, th hazina noti, ni mvumo uliotandaa juu huko, na F ni miongoni mwa zilizo dhaifu kabisa. Kompyuta inapouona mvumo haijui kama ni minazi ya Gando au ni bibi anasema karafuu. Kwa mzee aliyepoteza meno ya mbele F inakuwa dhaifu zaidi. Sisi tunasikia neno zima kwa sababu tunajua Kiswahili. Mashine haijui chochote, na ile ya akili mnemba ndiyo mbaya zaidi kwa kazi kama hii, kwa sababu isipojua inabuni.

Sasa dawa. Nenda kwenye ile simu iliyopasuka kioo. Ndiyo, hiyo uliyoidharau. Makelele yake ni mengi, lakini huenda yamesimama pahala pamoja, hayajachezewa. Kelele nyingi iliyotulia ni rahisi kuliko kelele ndogo inayorukaruka.

Kwanza kata vyote vilivyo chini ya Hz 90 (Hz ni mitetemo kwa sekunde, ikiwa michache sauti ni nzito). Upepo mwingi uko humo, na sauti ya mwanamke mzee haifiki huko, kwa hiyo humuumizi. Pili, badili dirisha uone ile picha ya sauti ya rangi badala ya mawimbi. Umeme wetu ni wa Hz 50, kwa hiyo mota ya pampu ina kawaida ya kuacha mistari ya mlalo kwenye 100, 200 na kuendelea juu. Ukiiona, ipunguze mstari kwa mstari kwa ekolaiza (kifaa cha kupandisha na kushusha fungu moja la sauti) iliyowekwa nyembamba. Hapo tu utastaajabu, na bado kiondoa kelele hujakigusa.

Tatu, ndiyo sasa chukua sampuli, sekunde mbili au tatu zinatosha, lakini ziwe kimya kweli, pasiwe na pumzi ya bibi wala kanga inayosugua. Shusha desibeli 6, zikizidi 8. Unyeti (Sensitivity) weka 4 au 5, ulainishaji (Frequency smoothing) 6. Halafu kabla ya kukubali, chagua kitufe cha Residue usikilize kile kinachotolewa badala ya kinachobaki. Ukisikia mvumo mtupu, umo salama. Ukisikia bibi anazungumza humo kwa mbali kama yuko chumba cha pili, umezidisha, rudi nyuma. Haya ndiyo matumizi ya kile kitufe ambacho watu wote wanakiruka.

Isipotosha, pita mara ya pili kwa sampuli mpya na desibeli 4. Mara mbili kwa upole si sawa na mara moja kwa hasira. Kukuza sauti fanya mwisho kabisa. Ukikuza mwanzo unakuza na pampu.

Kunguru usihangaike naye, sampuli haimshiki kwa sababu halii mlio mmoja mfululizo. Hawa wa kwetu Unguja waliletwa kutoka India miaka ya 1890 wasafishe taka za mji. Mji hawakuusafisha, na rekodi zangu za nje karibu zote wamo.

La mdomo kupishana nawaachia vijana.

Mpiga picha wa Konde (Jumatano, saa 2:15 asubuhi)

Mzee kamaliza, shikamoo yake. Miye nachukua la mdomo.

Dada, simu yako inasema fremu 30 lakini haipigi 30 kamili. Mwanga ukipungua inapunguza, ikipata moto inapunguza, halafu inarudi. Fremu zake hazina nafasi sawa. Programu ya kuhariri inataka zote ziwe sawa, kwa hiyo inakadiria, na makadirio yanarundikana taratibu. Ndiyo maana dakika ya kwanza iko sawa na ya 40 imeharibika. Video ya dakika tatu hutoona kitu, ndiyo maana harusini hukuwahi kukutana nalo, kule unakata vipande vifupi.

Chukua HandBrake, programu ya kugeuza mafaili ya video, ni ya bure na si nzito. Weka video yako, upande wa video chagua fremu za kudumu badala ya zinazobadilika, andika 30, ubora usiushushe. Hilo jipya ndilo uliingize Resolve. Na mradi wa Resolve uwekee fremu 30 kabla ya kuingiza klipu yoyote, ukishaingiza hukubali tena kubadili. Sauti itoe kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya Hz 48,000, video hutumia hiyo.

Lakini ukitumia sauti ya simu ya zamani kama alivyosema mzee, kuna pishano la pili dogo. Simu mbili ni saa mbili, moja inakwenda mbele kidogo kuliko nyengine. Kwa dakika 47 inaweza kufika sehemu ya sekunde, ya kutosha mdomo kuonekana mwongo. Usiivute sauti nzima. Ikate pale anaponyamaza, kila dakika tano au kumi, na kila kipande kisogeze fremu moja au mbili.

Na kwa wengine wanaosoma: kabla ya kurekodi kwaruza maiki kwa ukucha huku umevaa hedifoni. Miye niliwahi kuchomeka maiki ya waya yenye pini ya mistari miwili kwenye simu inayotaka ya mistari mitatu. Simu haikuitambua, ikarekodi kwa maiki yake yenyewe kutoka nyuma ya msikiti. Khutba ya nikaha yote nimepata watoto wakigombania halua.

Binti wa Wete (Ijumaa, saa 5:30 usiku)

Shikamoo mzee wangu wa Ng'ambo. Narudi na habari, nyingi nzuri, moja mbaya.

Inahema! Niliposoma nilidhani unanitania, nikavaa hedifoni za mdogo wangu, nikamsahau bibi kama ulivyosema. Bibi ananyamaza, pampu inapanda kama honda inapanda mlima. Bibi anafungua mdomo, inazama. Nimeisikiliza sauti hii wiki mbili na sikuwahi kulisikia hilo. Sasa siwezi kuacha kulisikia, mpaka kwenye video za harusi nimelikuta.

Ya simu ya zamani haihemi, au inahema kidogo sana. Nimekata chini ya 90. Kwenye picha ya rangi mistari ya pampu ilikuwa imenyooka kama imepigwa kwa rula, 100 na 200 na kidogo kwenye 300. Nimeipunguza yote mitatu. Sampuli nimeipata pahala sikutarajia: kabla hatujaanza nilimwambia bibi, "Ngoja kwanza," naye akangoja, sekunde tatu, bila hata kupumua, masikini, alidhani napiga picha ya mnato. Nikashusha 7, nikasikiliza kinachotolewa: mvumo mtupu. Nikapita mara ya pili kwa 4, nikasikia "sss" zake mbili tatu humo, nikarudi kwenye 3.

Wallahi alikufa kweli. Yaani babu. "Alikufa msimu wa karafuu", F zote mbili zimo. Nimeirudia mara kumi na kitu, mdogo wangu akauliza kama niko sawa.

Kulinganisha video na sauti sikuhitaji hata kubahatisha. Dakika ya kwanza bibi anampiga mbu mkononi kofi moja la haja. Unaliona kofi, unalisikia kofi, nikayaweka pamoja. HandBrake ilichukua saa moja na nusu kwenye kompyuta yangu, nikaenda kupika. Mwishoni bado palikuwa na kuchelewa kidogo, nimekata pahala nne anapokohoa, sasa mdomo na neno ni kitu kimoja.

Mbaya ni hii, na niliisahau kuisema mwanzo kwa sababu siku ile ilikuwa kichekesho. Dakika ya 31 mvua ilishuka ghafla. Tuliacha simu zikirekodi, tukakimbia kukunja majamvi, bibi mwenyewe mbele na umri wake, halafu tukahamia barazani chini ya mabati. Kuanzia hapo simu ya zamani haina kitu ila mabati. Nikipunguza kelele, bibi anapungua sawa sawa na mvua. Na hapo ndipo anapoeleza jinsi walivyokuwa wakiimba wakati wa kuchambua.

Fundi Mstaafu, Ng'ambo (Jumamosi, saa 12:05 asubuhi)

Hapo nirudi kwenye maneno yangu. Simu ya zamani ilikufaa uani kwa sababu ilikuwa karibu na kelele ilikuwa imetulia. Chini ya mabati haiwezi kitu. Mvua juu ya bati ni F elfu moja kwa wakati mmoja, imetandaa chini mpaka juu, hakuna pa kukata usimkate na yeye. Usipoteze siku nyengine.

Rudi kwenye chicha. Ile maiki ilikuwa kwenye kanga yake, kiganja kimoja kutoka mdomoni, kwa hiyo humo bibi ni mkubwa kuliko mvua. Itumie kuanzia dakika ya 31, na usiisafishe tena hata desibeli moja, imeshasafishwa siku ile ile. Halafu chini yake tandika mvua ya simu ya zamani, kwa sauti ndogo. Itaziba yale mashimo yaliyoachwa na kitaa cha kijani, na sikio halitoshtuka pale sauti moja inapokwisha na nyengine inapoanza. Zipishanishe kwa sekunde moja au mbili wakati mnakimbia na majamvi, pale pana vurumai, hakuna atakayejua.

Na kila ukihama pahala, sampuli ni mpya. Ya uani haijui barazani.

Maneno usiyoyapata mpelekee mama yako ayasikilize, yaandike chini ya picha. Kipemba cha bibi yako hata kingekuwa safi, watoto wa mjini wangehitaji maandishi.

Mama wa Jambiani (Jumamosi, saa 3:00 asubuhi)

Nami niongeze la upepo, maana sisi huku pwani kaskazi na kusi zote ni zetu. Kile kisponji cheusi kinachokuja na maiki ni cha pumzi tu, si cha upepo wa nje. Miye nilikata mwanasesere wa manyoya wa mwanangu, dubu, nikashona kijifuko, nikaivika maiki. Mtoto alilia siku mbili, lakini sauti yangu haipigi tena bumbum. Na upepo ukishaipiga maiki mpaka sauti ikapasuka, hakuna programu ya kuiunganisha, kwa hiyo ni bora kujikinga.

La pili ni nguo. Mwambie bibi avae kanga iliyofuliwa mara nyingi, ile laini. Buibui la nailoni likisugua maiki utadhani mtu anakaanga samaki.

Binti wa Wete (Jumapili, saa 2:45 usiku)

Imefanyika. Mvua nimeitandika kama alivyosema mzee. Pale tunapokimbia nimeacha sauti zote mbili, kunasikika bibi anapiga kelele "Hilo jamvi! Hilo jamvi!" na kicheko changu. Nyimbo za kuchambua zimepatikana karibu zote, maneno saba tu ndiyo hatuna hakika nayo, mama kayapeleka kwa shangazi yake.

Kunguru yumo. Dakika ya 12 analia juu ya neno moja, nimeliandika chini.

Leo nilikwenda Gando nikamsikilizisha bibi, kwanza ile ya akili mnemba, makusudi. Akasikiliza, akauliza, "Nani huyo anayesema maneno yangu?" Nikamwekea hii mpya. Alinyamaza muda, kisha akasema, "Miaka yote hii sikujua kama pampu ya huyu bwana ina makelele hivi."

Nimeishusha pampu kwa nguvu zote hizi, na bado kaisikia yeye! Jumamosi narudi kumrekodi tena, anataka kueleza habari ya ukili. Kitaa cha kijani nimekizima na kukibandika plasta. Dubu sina, nimepata kofia ya mtoto yenye manyoya, mnada wa mitumba. Kuna jengine nisahau?

Fundi Mstaafu, Ng'ambo (Jumapili, saa 3:10 usiku)

Kabla bibi hajasema hata neno, rekodi kimya cha pale uani nusu dakika nzima. Mwambie safari hii apumue, ila asisogee. Mkihamia barazani, nusu dakika nyengine. Na mwombe jirani azime pampu saa moja.

Binti wa Wete (Jumapili, saa 3:12 usiku)

Jirani na bibi hawasemezani tangu mwaka jana, mambo ya mpaka wa shamba.

Fundi Mstaafu, Ng'ambo (Jumapili, saa 3:20 usiku)

Basi nenda wewe, na kilo mbili za sukari. Ikishindikana, ulizia pampu hiyo inawashwa saa ngapi.